Ruhusa ya Kupanda Dari Yako

Ibra, mtaa wa zamani

Ndugu yangu Nassor,

Assalamu alaikum. Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba, ingawa hujaitamka tangu Mfungo Mosi. Vipi mguu wako? Na mkeo Bi Asha, presha imeteremka, au bado anakula papa wa chumvi kwa siri? Sisi tupo, alhamdulillahi, lakini usipite hapo mbio ukadhani hatujambo. Hali zetu si nzuri.

Nakuandikia kwa hati ya chuoni, herufi za Kurani, ndiyo niliyofunzwa, na makosa utayavumilia. Simu nimechoka nayo. Nikitaja nyumba tu, mtandao wako wa Unguja unakufa. Barua huwezi kuikata. Anakuletea binti wa jirani yangu anayekuja huko kuolewa, na nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uifungue.

Haya, sikiliza. Baba alituachia nyumba mbili za udongo zilizopakana, wewe kubwa, mimi ndogo, na katikati ukuta mmoja. Ukuta huo ni wako na ni wangu. Wewe yako ukaitia kufuli, ukaondoka na ufunguo, kama mtu aliyefunga sanduku la nguo. Nyumba ya udongo haifungwi hivyo, Nassor. Inataka mtu wa kupanda juu kila mvua ikipita, azibe nyufa, apake udongo mpya, azibue mlizamu ili maji ya dari yapate njia ya kumwagika nje. Wewe umezoea nyumba za mawe za Mjini, ukaona na hii itakaa tu. Halafu ulipokuja mara ya mwisho ukajitia uhodari, ukaupaka simenti ukuta wote wa mbele. Nilikukataza. Ukanicheka, ati mimi wa zamani. Sasa simenti imesimama kama ganda, na ndani udongo unageuka uji, maana maji yakishaingia hayana pa kutokea. Kijana anayewazungusha watalii hapa mtaani huwaambia hiyo ndiyo nyumba iliyotunzwa kuliko zote, nao wanaipiga picha. Nilimwambia augonge ule ukuta asikie mlio wake. Akaugonga, ukalia utupu, akaona haya.

Mvua ya juzi ilipiga mpaka wadi, bonde letu kavu, ikashuka na magogo. Mlizamu wako umezibwa na viota vya njiwa. Naviona nikiwa juu ya dari yangu, mkono haufiki. Maji yakajaa kwako juu kama birika, yakateremkia ndani ya ukuta wetu. Na upande wangu wa ukuta huo ndipo anapolala Seif.

Shemeji yako sasa haoni kabisa, si jicho la kulia wala la kushoto. Lakini humu ndani hahitaji mtu. Anapapasa ukuta, anajua hapa shubaka la taa, hapa pembe, hapa mlango wa choo. Anakwenda kutawadha peke yake, anarudi, anakaa na heshima yake. Asubuhi baada ya mvua alikuwa anakwenda vivyo hivyo, mara akasimama. Mkono ulikuwa umezama ukutani hadi kiwiko. Akaniita taratibu.

"Zuwena, nani kafungua dirisha hapa?"

Nikauchomoa mkono wake taratibu, nikaupangusa udongo.

Na usiniambie nihame. Tulihama. Mwanangu Khalfan alitupeleka kwake, mtaa mpya, nyumba ya vigae, kiyoyozi kila chumba, kuta laini kama sahani. Seif akapapasa, hakuna anachokijua. Tukamkuta katikati ya ukumbi amejikojolea, anaomba radhi kwa watu ambao hawapo. Mtu huyo alikuwa akisema neno barazani kwa wanaume, wote wananyamaza. Nikasema khalasi, turudisheni kwetu.

Nikamtaka Khalfan avunje kufuli lako, apandishe mafundi. Hataki. Anasema nyumba ya mtu haiingiwi bila idhini yake, na wewe ulimwambia kwa mdomo wako asiiguse mtu. Nikaenda kwa sheikh, akanijibu hayo hayo, mwenyewe atoe ruhusa. Wakaja watu wa baladia, serikali ya mji, wakatia alama nyekundu kwenye mlango wangu. Si wako, wako unang'aa. Wanataka tutoke.

Najua unachoogopa. Watu wamekutia maneno kwamba nikiitengeneza nitaidai. Tena umesikia huku kwetu, mji wa Nizwa, nyumba za udongo zimegeuzwa hoteli, umekaa kitako unangoja mnunuzi. Atanunua nini, kifusi? Nyumba yako siitaki. Ninayo yangu, ndogo, inanitosha, na nimeitunza miaka yote sijakuomba hata ndoo ya udongo. Nilikubeba mgongoni mama alipokuwa hawezi, na leo waniona mwizi. Ungekuwa karibu ningekuchapa, na mvi zako hizo hizo.

Mawingu yamerudi juu ya milima. Kitanda cha Seif nimekisogeza mlangoni, changu nimekiweka chini ya ufa. Ukuta ukianguka utaanza na mimi, yeye asikie apate kutoka. Hajui. Ananiuliza mbona nalala mbali. Namwambia anakoroma.

Nisalimie Bi Asha, umwambie papa aache. Wasalimie wanao na wajukuu, hata wale wasiojua kuwa wana bibi huku. Na shangazi yetu, kama bado anasikia, mpigie kelele sikioni kwamba namuombea dua.

Usinijibu kwa barua, itachelewa. Mpigie Khalfan, umwambie aingie. Kama una hasira na mimi, liseme neno hilo na hasira zako. Ruhusa ya mtu aliyenuna ni ruhusa vilevile, nimeshamuuliza sheikh.

Mimi dada yako, niliyekaa kuisikiliza dari,
Zuwena