Rehema Ameelea Tindiga

Kilosa,
Jumapili baada ya ibada, mwezi Aprili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote bila kukuficha hata moja, pamoja na yale ambayo Bibi amenikataza kuyaandika kwa sababu eti marehemu hachekeshwi. Mimi naona ungependa kucheka. Wewe ulicheka hata kwenye matanga ya watu.

Naanza na habari kubwa, halafu nitarudi nyuma. Rehema ameelea. Boti yako, Babu! Ile iliyokaa uani kwetu tangu kabla sijazaliwa, ile waliyokuitia Nuhu wa Kilosa. Imeelea, na mimi nilikuwa ndani.

Sasa nirudi kwenye mazishi yako. Mtani wako Mzee Mihambo alikuja amevaa ovaroli yako ya bluu na kofia yako. Sijui nani alimpa. Akapita katikati ya waombolezaji akitembea kama wewe, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, akifoka kwa sauti yako hasa, "Nani kagusa injini yangu? Nani kagusa?" Shangazi waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Mimi niliingia ndani, kwa sababu kwa muda mfupi sana nilidhani... Basi, Babu. Nilidhani.

Watu waliporudi kutoka makaburini walimkuta amepanda kwenye boti, ameshika usukani. Akatangaza, "Huyu Mkaguru kanitoroka! Tangu aliposhusha boti hii kwenye treni ya Kigoma ananiambia, 'Mtani, nitakupakia.' Kanipakia wapi? Sasa ni yangu, na sishuki mpaka nifikishwe majini!" Bibi akamletea jogoo ili amkomboe Rehema kwa heshima, kama desturi inavyotaka. Mzee Mihambo akamtazama jogoo, akauliza, "Huyu anajua kuogelea?" Akamrudisha.

Basi kila asubuhi akawa anakuja, anapanda, anakaa. Bibi akamzoea, akawa anampelekea uji humo humo. Na kama unavyojua, mtani hakasirikiwi, na alichokishika hanyang'anywi.

Ninakueleza haya kwa sababu utani huo ndio uliomwokoa Rehema. Baada ya arobaini, Baba Mdogo Joeli alisema boti ipasuliwe, mbao ziwe milango, injini iuzwe kwa mwenye mashine ya kusaga. Usimkasirikie. Alitaka pale uani amjengee Bibi jiko la matofali, maana lile la zamani linavuja. Halafu yeye ni mtu wa boti za kisasa. Kule Rufiji anaendesha boti ya faiba ya watalii, akigeuza ufunguo tu inaondoka. Alimgonga Rehema ubavuni akasema, "Baba alikuwa anatunza kuni." Akaifungua injini akaiweka barazani. Kisha akaja na shoka, na Mzee Mihambo akamwambia kwa upole kutoka ndani, "Pasua, mwanangu. Anza na mimi."

Baba Mdogo alisimama pale na shoka lake, hajui aliweke wapi.

Mwisho akasema, "Haya, Mzee. Tutampeleka Tindiga, maji yamejaa. Akizama, utashuka?"

"Nikizama sina budi kushuka," akajibu Mzee Mihambo.

Mimi nilikuwa nimefika kutoka shuleni Mikumi kwa likizo, na usiku huo sikulala vizuri. Niliomba. Sikujua niombe nini hasa, kwa hiyo niliomba maji yasiingie.

Yaliingia, Babu. Tulimviringisha juu ya magogo mpaka kwenye tela la trekta, majirani wote wakisukuma na kuimba, na njiani wafugaji waliokuwa wananywesha ng'ombe wakatuuliza tunahamia wapi na nyumba. Kule mbele ya majaruba ya mpunga, bondeni, masika imefanya ziwa kamili. Tukamsukuma. Akakaa juu ya maji vizuri, watu wakapiga vigelegele, na kabla vigelegele havijaisha maji yakaanza kupenya ndani katika kila ungio la mbao. Yalifunika sakafu, yakafunika benchi, yakapanda. Mzee Mihambo amekumbatia usukani, maji kiunoni, anapiga kelele, "Jamani! Mtani kafa lakini bado ananiogesha!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Rehema alikalia tope, kibanda tu kikabaki juu.

Baba Mdogo akasema, "Imekwisha. Faiba haina mambo haya." Hakusema kwa furaha. Nilimwona.

Mimi nilikuwa nalia, na katikati ya kulia nikakumbuka zile ndoo. Kila kiangazi ulikuwa unanituma bombani, tunammwagia Rehema maji ndani, na mimi nikiwa mdogo nikakuuliza kwa nini boti iliyo nchi kavu inaogeshwa. Ukasema, "Mke wangu, huyu ni wa mbao. Asipokunywa, anapasuka." Tangu ulipougua hakuna aliyemnywesha. Sikuwa na hakika yoyote, Babu. Nilimwambia tu Baba Mdogo, "Naomba aachwe hapo mpaka likizo iishe. Labda ana kiu." Akakubali, kwa sababu hata hivyo trekta lisingeweza kumvuta akiwa amejaa maji. Mzee Mihambo akabebwa mgongoni mpaka nchi kavu, akapiga chafya mbele ya watu wote, lakini akasema anahesabu bado yumo botini, ila amepewa ruhusa ya kwenda kubadili nguo.

Nilikuwa naenda kumtazama mara kwa mara. Zile nyufa ambazo kidole changu kilikuwa kinaingia zikawa haziingii hata ukucha. Asubuhi moja tukakusanyika na ndoo, tukakumba maji kwa zamu. Rehema akanyanyuka kidogo kidogo kutoka kwenye tope. Alipokuwa mtupu tulishika ndoo tayari, tukisubiri maji yarudi.

Hayakurudi.

Baba Mdogo alipapasa maungio yote kwa kiganja, toka mbele mpaka nyuma. Halafu akavua viatu, akakunja suruali, akasema tumletee injini ya Baba. Akaifunga mwenyewe. Siku ya kuiwasha akazungusha hendeli mpaka jasho likamtoka, na Mzee Mihambo, aliyekuwa amerudi mahali pake, akamuuliza, "Joeli, umepata ufunguo?" Akazungusha tena. Moshi mweusi ukatoka, halafu ule mlio wako wa kila Jumapili, ulipokuwa unaiwasha uani. Tu-tu-tu-tu. Bibi alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Tulimpandisha Bibi mbele na kitenge chake cha kanisani. Mzee Mihambo akapewa usukani, mimi nikasimama karibu na Baba Mdogo. Tukazunguka ziwa lote la Tindiga polepole, na wale ndege weupe, yangeyange, wala hawakuruka.

Nataka kuwa mkweli kama ulivyonifundisha. Desemba iliyopita Baba Mdogo alinipandisha boti yake kule Rufiji. Ni nzuri sana. Inapaa, upepo unakutoa machozi, unafika kabla hujakaa sawa. Mgonjwa akihitaji kuvushwa haraka, ningemchagulia ile ya faiba, na wewe pia ungefanya hivyo. Haivuji, hainyweshwi, wanaume wachache wanaisukuma wenyewe. Lakini siku ile, injini ikinguruma, nilimwambia Baba Mdogo kitu, akasema "Nini?", nikarudia, akasema "Nini?", mpaka tukafika sikuwa nimesema. Ndani ya Rehema Baba Mdogo aliniambia mambo mengi. Alisema ulimfundisha kufunga fundo akiwa amekalia lile benchi. Alisema alipokuwa mdogo alilala ndani ya kibanda akiota yuko ziwani Kigoma, na akiamka anaona kuku. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Tulikuwa tunacheka wote.

Tulipotia nanga, Mzee Mihambo alishuka mwenyewe. Akavua kofia yako, akamkabidhi Bibi. Kisha akakaa kwenye majani akalia kama mtoto. Tangu msiba uanze hakuwahi kulia. Akasema, "Sasa mtani wangu amekufa." Bibi akakaa karibu naye. Hatukumtania.

Sasa Rehema amekombolewa, na hakuna tena mtani wa kumkinga. Baba Mdogo hazungumzii shoka tena. Anasema wakati wa masika watoto wa upande wa pili wa bonde hawaendi shule, na Rehema angeweza kuwavusha. Lakini injini yako vipuri vyake havipatikani, na hendeli ile inaweza kumvunja mkono mtu asiyeizoea. Anataka kuitoa, ikapumzike barazani bila kuwashwa tena, na kubandika nyuma injini ndogo ya kisasa aliyoiona inauzwa. Bila hivyo, anasema, hatamwacha majini, Rehema atarudi uani, na tutaiwasha injini kila Jumapili kama zamani. Kisha akanishangaza. Alisema, "Amua wewe. Wewe ndiye mke wake."

Babu, mwaka ujao namaliza kidato cha nne. Fizikia ninaipenda, na ninataka nikasome mambo ya injini za majini. Ninakuahidi kwamba injini yako, iwe ndani ya Rehema au barazani, nitaijua mpaka nati ya mwisho, na mwenye mashine ya kusaga hataipata. Pumzika vizuri. Bibi anakusalimu, anasema umpunguzie vicheko huko uliko. Mimi nakupenda sana.

Kesho asubuhi narudi Mikumi, na Baba Mdogo anataka jibu kabla sijapanda gari. Nami nakuomba unijibu mapema, kwa ndoto au kwa namna yoyote unayoiweza: ungependa usikike uani kwetu kila Jumapili, au unyamaze, watoto wa Tindiga wavuke?

Mjukuu na mke wako,
Neema