Tarsisi hakutosha kuwa mzee

Rafiki yangu Maneno, uko wapi? Tarsisi wamemukatalia. Wanasema si mzee wa kutosha.

Yeye, mucheza dansi wa miaka sitini na nane, Maneno.

Chef, yule mkubwa wa utamaduni hapa Rumonge, ametunga dansi ya kisasa juu ya uzee, akamuita ajaribu. Tarsisi akacheza mgongo umenyooka, kama unavyomujua. Chef akamukatiza: "Papa, tetemeka kidogo. Onyesha goti linauma."

Goti linamuuma kweli. Tarsisi akamujibu: "Miaka arobaini najifunza kulificha, mwanangu. Kulificha ndiyo dansi yangu."

Nafasi wakamupa kijana wa Kizuka, wakamupaka unga kichwani aonekane na mvi.

Unga, Maneno. Ndio wakubwa wetu hao.

Wakati wa kutoka Tarsisi akashika ukuta pale kwenye ngazi. Chef akaita nyuma yake: "Hivyo hivyo, papa, rudia." Tarsisi akauachia ukuta. Akaruka ngazi zote tano.

Sasa iko hapa kwangu, goti limevimba kama papai. Tangu mke wangu mama Jovita afariki maji ya moto nachemsha mwenyewe, basi namukanda. Haulizi kama atapona. Anauliza tu kama aliruka vizuri.

Nilikuwa nimesimama chini, niliona yote. Aliruka vizuri.