Miche ya Chupa

Ntobeye, Jumatano, kabla ya chai

Kosa la wengi ni kudhani mgomba uliokuzwa maabara, ndani ya chupa, hauugui. Hutoka safi tu, kama mtoto aliyeogeshwa. Matope yanamngoja mlangoni.

Jana jirani yangu, Mama Oliva, alipasua ndizi mbele yangu. Ndani ilikuwa ya kahawia. Mnyauko.

“Mwalimu, si ulisema hii haina ugonjwa?”

“Nilisema haina. Sikusema haitaupata.”

“Basi watoto nitawapikia sarufi yako.”

Aling'oa migomba ya bibi yake, akapanda hii ya chupa kwa neno langu, na sasa shamba lote…

Sina matumaini. Migomba yake minne bado haijanyauka. Wadudu huingiza ugonjwa kupitia maua dume, na panga huubeba. Leo nikaivunjie maua dume kwa kijiti chenye panda.