Kutu Niliyoifuta

Umm Salal, Doha
Mwezi wa Mei

Baba yangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi kabla hata ya salamu. Barua yako ilinifikia wakati wa Krismasi na sasa tuko Mei. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa nashika kalamu, naandika "Baba yangu", halafu usingizi unanichukua viatu vikiwa bado miguuni. Na wiki hizi za karibuni kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake. Sasa nimeujua, kwa hiyo kaa chini usome polepole.

Hamjambo hapo Voi? Mgongo wako unaendeleaje? Na presha ya Mama, imeshuka? Mimi mzima, nimekonda kidogo lakini nakula. Nikipiga simu huwa naongea na Mama kwa sababu masikio yako nyundo ilishayachukua, basi ya kwako nimeyaweka kwenye karatasi. Tena haya Mama hatayafurahia kama wewe, maana ni habari za chuma.

Nilishakuambia nyumba hii ni ya daktari wa macho aliyestaafu, yeye na mkewe, ambaye tunamwita Madam. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupiga pasi na kusaidia jikoni. Kulikuwa na chumba kimoja nisichoruhusiwa kuingia. Kinafungwa kwa ufunguo, na kiyoyozi hakizimwi hata wenyewe wakisafiri. Nilifikiri humo kuna dhahabu. Kumbe ni panga za Kijapani, za kale sana, kumi na moja. Daktari amezikusanya tangu ujana wake akisoma ng'ambo.

Mwaka jana akaniita. "Wakesho, nionyeshe mikono."

Nikajua kuna kitu kimepotea. Akaigeuza, akanigusa viganja kama anayepima homa. "Haitoki jasho," akasema. Kisha akanyoosha ya kwake nikaona inavyotetemeka. Baba, mikono iliyokuwa ikipasua macho ya watu! "Hii haifai tena," akasema. "Wewe utanisaidia."

Siku ya kwanza akanifundisha kuinama mbele ya upanga. Mimi moyoni nikasema, na wokovu wangu huu, niinamie kisu? Nadhani aliniona usoni. Akasema, "Chuma hukiinamii. Unamwinamia fundi aliyekitengeneza." Basi nikainama, nikikufikiria wewe na aproni yako ya ngozi.

Upanga ukishatoka alani hakuna kuongea juu yake, kwa sababu pumzi na mate ni maji. Unauchomoa makali yakiwa juu, taratibu. Unafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini. Kuna kijifuko cha hariri chenye unga wa jiwe, unakigongagonga juu ya chuma, unga unashuka kama poda ya mtoto, halafu unafuta tena. Mwisho unapaka mafuta mapya, kidogo tu, kama unayempaka mtu usiyetaka aamke. Na mafuta hayo yametiwa karafuu! Nilipoyanusa mara ya kwanza machozi yalinijia. Chumba cha Mwarabu, vitu vya Mjapani, na kinanukia jikoni kwa Mama siku ya pilau.

Lakini bado sijakuambia chenyewe kinavyoonekana. Ukiuinua upanga kwenye taa, ukauinamisha kidogo, unaona kando ya makali weupe unakwenda toka mwanzo hadi nchani. Si mstari, ni kama ukungu ukijaa mabondeni Wundanyi asubuhi, vilima vimetokeza juu na chini hakuonekani kitu. Nilidhani umechorwa. Daktari akasema hakuna aliyeuchora, ni moto na maji.

Sikiliza hapa, fundi. Wewe siku zote ulikuwa ukilalamika kwamba kisu ukikifanya kigumu kinavunjika, ukikifanya laini kinapinda. Wenzako wa Japani walikuwa wanaupaka upanga udongo kabla ya kuuzamisha majini. Mgongoni udongo mnene, kwenye makali mwembamba. Ukizama, makali yanapoa ghafla na kuwa magumu, mgongo unapoa polepole na kubaki laini. Chuma kimoja hichohicho! Ule ukungu ndipo ugumu na ulaini vinapokutana. Na fundi aliyefanya hivyo alikufa miaka mia nne iliyopita, hakuwa na kipimo chochote, alikuwa anatazama rangi ya moto tu, kama wewe. Nimeshika upanga huo mara nyingi sasa na bado kila mara nywele za mikono zinasimama.

Dereva wetu, Musa, Mganda, huniita nyabo, yaani bibi kwa lugha yao, na hunicheka. "Nyabo, wewe siku hizi unapaka visu mafuta, mwenyewe umepauka kama saruji." Hakosei.

Sasa ndio nafika kwenye jambo lenyewe.

Mama atakuwa amekuambia yaliyotokea Februari. Nilipiga simu, mwanangu Zawadi akapewa aongee, akasema, "Shangazi, utakuja lini?" Shangazi, Baba. Nilimwacha ana miezi kumi, bado ananyonya, na Septemba anatimiza miaka minne. Siwalaumu. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa naishi kwa kuhesabu siku za likizo yangu ya Agosti tu. Nikiikosa hiyo, nyingine ni baada ya miaka miwili, na pasipoti yangu hukaa kabatini kwa Madam.

Mwezi wa Aprili Daktari alilazwa hospitalini wiki moja. Akaniachia ufunguo niwe natazama panga kila siku kama zimepata unyevu. Mezani nikakuta kisanduku kipya cha mbao. Ndani kulikuwa na kibati cha chuma, cha duara, kama kisahani cha kikombe, kile kinachokaa kati ya mpini na makali ili mkono usiteleze ukakatwa. Wajapani wanakiita tsuba. Hii ilikuwa imetobolewa umbo la bata bukini wawili wanaruka, manyoya yanahesabika. Lakini nyeusi, yenye hudhurungi kidogo, kutu tupu.

Daktari alishanionya kuhusu kutu ya mkia wa upanga, ule unaoingia ndani ya mpini. Ile haiguswi kabisa, wataalamu hujua umri wa upanga kwa kuitazama. Mkia niliambiwa. Tsuba sikuambiwa, na kwa akili yangu kitu kinachokaa nje, kinachoonekana na wageni, lazima king'ae. Nikasema mzee akirudi akute nimemfurahisha. Nikachukua jivu la mkaa wa bukhuri wa Madam, nikakata ndimu, nikafanya kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka saba. Nilisugua upande mmoja saa nzima. Ukang'aa kama sufuria mpya. Nilikuwa naimba, Baba.

Nikampelekea Musa jikoni aone. Akaweka kikombe chini.

"Na kile cheusi umekiweka wapi?"

"Ndicho hiki."

"Toba. Nyabo, toba! Nilimwendesha mzee kukichukua. Njia nzima ananielezea huo weusi tu, weusi hivi, weusi vile, mpaka nikakosa njia ya kutokea barabarani."

Madam aliposikia alikuja mbio, akaigeuza tsuba upande ambao sikuugusa, akairudisha kisandukuni. "Khalas. Iache hivi. Macho yake siku hizi si yale." Sikujua kama ananihurumia mimi au anahofia presha ya mumewe. Musa naye akaninong'oneza, "Agosti si mbali. Funga mdomo, panda ndege, mengine Mungu anajua."

Nilikaa na ushauri huo siku mbili. Nakuambia kweli, nilitaka sana kuufuata. Lakini kila nikiingia kile chumba nikainama, nilikuwa naona haya kuinua kichwa.

Daktari alirudi Jumamosi. Asubuhi ya Jumapili, akiwa kwenye chai, nikaiweka tsuba mbele yake, upande unaong'aa juu.

"Daktari, nimekosa."

Akaishika. Akapitisha kidole gumba juu ya wale ndege, mara moja, mara mbili. "Umetumia nini?"

"Jivu na ndimu."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Ni fundi wa visu na majembe. Kwetu kutu ni uvivu."

"Kwa jembe ni kweli," akasema. Akasogeza kikombe cha chai kando. "Kutu nyekundu inakula chuma. Hii nyeusi ilikuwa inakilinda. Iliota yenyewe, na mikono ikaisugua, baba akamwachia mwana, mwana akamwachia mwanawe, mamia ya miaka. Watu wote hao, Wakesho, umewaosha kwa ndimu moja."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipigia kelele. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi nikatoka nikaenda kulia kwenye nguo za kupigwa pasi.

Madam ndiye aliyesema jikoni kwamba sasa likizo niisahau. "Kwanza urekebishe ulichoharibu." Daktari siku tisa hakuniambia neno ila salamu. Nilifanya kazi kama kawaida. Nikilala naisikia ile "shangazi".

Siku ya kumi akaniita chumbani. Akanipa tsuba na kitambaa cha pamba. Akasema kuna dawa za kuipa weusi kwa siku moja lakini huo ni uongo na mjuzi anauona. Dawa ya kweli ni kuisugua kwa kitambaa kikavu kila siku, kidogo, na kuiacha ipate hewa.

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Miaka. Ikirudi yote mimi sitakuwepo. Unaanza leo."

Nikakikunja kitambaa. Nikasema, "Naanza leo, Daktari, na nitasugua kila siku nikiwa hapa. Lakini Agosti nakwenda nyumbani. Chuma kinaweza kuningoja. Mwanangu ananiita shangazi."

"Anakuita nini?"

Nikarudia. Akanitazama kama anavyotazama upanga, ameuelekeza kwenye taa. Akatoka. Nikamsikia akiongea Kiarabu na Madam, Madam akijibu kwa ukali, kisha kabati likafunguliwa. Akarudi na pasipoti yangu, akaiweka mkononi mwangu mwenyewe.

"Miezi miwili. Nani atasugua ukiwa huko?"

"Musa."

"Musa? Mikono yake bomba la maji!" Akacheka, Baba. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. "Nitasugua mwenyewe. Kwa kazi hii kutetemeka si kitu."

Kwa hiyo nakuja. Usijilaumu kwa ndimu na jivu. Ulinifundisha vyema kwa chuma chetu. Kitu nilichojifunza hapa ni kuuliza kwanza. Tsuba ninayo mfukoni mwa aproni sasa hivi, na juzi nimeona ukingoni mwa bawa la yule ndege wa mbele kama kivuli, kama chai iliyomwagika kidogo. Sijamwambia mtu bado, nasubiri nihakikishe.

Msalimie Mama, mwambie asibebe ndoo mbili. Msalimie dada yangu Mkamburi na mumewe, mjomba Mwakio wa kinu cha mahindi, na jirani yetu Mama Saumu anayempeleka Zawadi nasari. Na hili nawaambia wote kwa heshima: kuanzia leo Zawadi asiachwe kuniita shangazi. Asichapwe wala asichekwe. Mrekebisheni tu, kila mara, mpaka azoee.

Barua hii inaletwa na Dada Grace, muuguzi ninayesali naye. Atakuwa huko wiki tatu, kisha anarudi. Mpeni hivi:

Picha ya Zawadi akiwa amesimama mzima, si ile ya shule iliyoishia kifuani.

Shati lako kuukuu la kazini, lile la pamba, lililofuliwa mpaka likalainika. Usininunulie jipya. Ni la kusugulia, na vitambaa vya hapa vingi ni nailoni.

Majani ya chai, pakiti mbili, moja ni ya Musa.

Na nyayo za Zawadi. Mwekeni juu ya karatasi, mzungushe penseli, nimnunulie viatu. Asiketi wakati mnamchora, asimame, kwa sababu mguu hutanuka ukibeba mwili. Wala msikisie kwa viatu vyake vya zamani. Chora miguu yote miwili, Baba, wewe mwenyewe.

Binti yako,
Wakesho