Mikono ya Omari

Jumatatu, Mei 1999. Ukunda.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na haielekei kukoma. Leo ni siku yangu ya mapumziko, nami sitaki mapumziko. Ningependa kuwa kazini nikihesabu mashuka, maana anayehesabu mashuka hapati nafasi ya kufikiri jambo jingine.

Sauti imenikauka. Nimepiga kelele siku mbili mfululizo. Asubuhi jirani alinisalimia nikamwitikia kwa kichwa tu, akadhani nina mafua, akaniletea limau. Nilizipokea pole zake kama mtu aliyestahili.

Andika, Mumbua. Andika kabla hujaanza kujipamba.

Mashindano ya poka yalikwisha jana. Omari alitoka wa nne. Watu sabini waliingia, yeye akatoka wa nne, dobi wa hoteli, na wafanyakazi wenzetu walimbeba mabegani kama bwana harusi. Mimi nilikuwa mbele yao nikipiga makofi kuliko wote.

Katika kuanguka kwake nilikuwa na mkono wangu, na hakuna anayejua.

Zamani nilikuwa mgawaji wa karata. Miaka mitatu niligawa katika kasino ndogo ya hoteli yetu hapa Diani, nikivaa kizibao cheusi na kucha zikiwa safi kila siku, mpaka zile fujo za mwaka juzi dhidi ya watu wa bara zilipowafukuza wageni na kasino ikafungwa. Wenzangu waliachishwa kazi. Mimi nikapewa stoo ya mashuka, nikashukuru. Sisi watoto wa waliohamia Shimba Hills kutoka bara hatukuwa na ujasiri wa kuchagua kazi mwaka ule. Mama yangu, ambaye kwake karata ni mlango wa jehanamu, aliona Mungu amenitoa gizani akaniweka penye mashuka meupe.

Huko stoo ndiko nilikokutana na Omari. Ni mtu wa Msambweni, amenizidi umri kwa miaka kama sita, baba wa watoto watatu. Mpole, si mwepesi wa maneno, mikono mikubwa iliyochubuliwa na sabuni. Wakati wa chakula cha mchana, mashine zikiwa zimezimwa, nilimfundisha poka juu ya meza ya kupigia pasi. Tulichezea vifungo vilivyong'oka kwenye mashati ya wageni. Alijifunza haraka kuliko nilivyotaka.

Nimeyasoma tena maneno hayo ya mwisho. Yabaki.

Poka si kama karata wanazocheza vijana barazani. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani, na kwa hizo zote kila mmoja hutafuta mkono ulio bora. Lakini mara nyingi anayeshinda si mwenye karata nzuri. Ni yule anayewafanya wenzake waamini kwamba anazo, wakatupa zao. Hapo ndipo Omari alipokuwa hodari. Anaweza kutisha meza nzima hana kitu, na uso wake ukatulia kama wa mtu anayesubiri chai.

Uso ulitulia. Mikono haikutulia.

Niligundua mwaka jana. Akiwa na karata nzuri, mikono yake hulala. Akiwa hana kitu na anataka kutisha, kiganja cha kulia huanza kulainisha kitambaa cha meza, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anayenyoosha shuka. Mwenyewe hakujua. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nitamwambia siku moja, na kila mchana nilimshinda vifungo vyake, naye akicheka akisema kwamba mimi nina macho ya jini.

Hoteli ikaandaa mashindano haya ili vyumba visikae vitupu msimu wa mvua. Walikuja wachezaji wa Nairobi na Dar es Salaam, Waafrika Kusini, Wazungu wa Ulaya, na matajiri wa Mombasa. Zawadi ya mshindi ilikuwa tiketi ya ndege na kiti katika mashindano makubwa zaidi huko Ulaya. Meneja akatoa nafasi mbili kwa wafanyakazi. Tukapimana wenyewe kwa wenyewe, tukapita mimi na Omari. Siku ile kantini alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye anakwenda kusindikiza tu, anayekwenda kushinda ni dada Mumbua.

Wiki iliyofuata nikasikia amekwenda Kwale kufuatilia cheti cha kuzaliwa, apate kuomba pasipoti. Nilikasirika, na sikuweza kumwambia mtu ni kwa nini. Mimi pasipoti ninayo. Niliitafuta nikiwa kasino, walipotuahidi mafunzo ng'ambo. Imekaa sandukuni miaka minne, haina muhuri hata mmoja.

Jumamosi alasiri tulibaki watu ishirini na mmoja, na kwa bahati mbaya tukawekwa meza moja, tukitazamana. Nilikuwa na jozi mkononi, kumi mbili. Karata nne zilikuwa wazi mezani, zote ndogo ndogo, hakuna ya kunitisha. Omari akasukuma mbele sarafu zake zote, zile za plastiki tunazochezea. Nikamtazama usoni, hakuna kitu. Nikatazama chini.

Kiganja kilikuwa kinanyoosha shuka.

Moyo uliniruka kwa furaha. Ndiyo siku niliyoiwekea siri ile. Nikasukuma zangu zote. Akafunua mfalme na saba, karata zisizo na undugu wowote. Hakuwa na kitu, kama nilivyojua. Ilibaki karata moja kufunuliwa, na katika zote zilizobaki ni wafalme watatu tu ambao wangemwokoa.

Akatoka mfalme wa kopa.

Nilifanya kila kitu sawasawa nikatolewa. Omari akainuka, akaja upande wangu, akanishika bega. Macho yalimlengalenga machozi, yake yeye, si yangu. Afadhali angejigamba. Mtu akijigamba unapata pa kuweka chuki yako.

Nikaenda kunawa uso, kisha nikarudi nyuma ya kamba walikosimama wafanyakazi wenzetu, nikaanza kumshangilia.

Watu waliona ni moyo mkubwa. Mpishi mmoja alinipa mwiko na sinia, nikawa mimi ndiye ninayeanzisha: mimi nikigonga, wao wakiitikia jina lake. Kila Omari alipochukua mchezo niligonga. Na kila nilipogonga, ndani yangu palikuwa na sauti nyingine, ndogo, safi kabisa, ikisema: aanguke. Sikuwa nataka kiti chake, maana nilikwisha kutoka. Nilitaka tu asifike ambako mimi sikufika.

Jana Jumapili sikwenda kanisani. Asubuhi walianza watu tisa. Saa saba mchana, walipopumzika kula, walibaki wanne: kijana wa Kiitaliano, mama mmoja wa Afrika Kusini, mzee wa Mombasa mwenye duka la vipuri vya magari, na Omari. Omari alikuwa wa pili kwa wingi wa sarafu. Asubuhi nzima aliwatisha wakatishika. Mara nne niliona kiganja kikilainisha meza, mara nne watu wakatupa karata zao. Hakuna aliyemjua isipokuwa mimi.

Lakini yule mzee alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa, akitazama chini upande wa Omari kwa muda mrefu. Nikaanza kufikiri: ameiona. Ameiona mikono. Anamsubiri.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Nilijua kitu kimoja kuhusu kazi hii ambacho Omari hakukijua. Nilipokuwa mwanagenzi wa kugawa karata, msimamizi aliniambia, katikati ya zamu, kwamba ninapogawa ninatoa ncha ya ulimi. Kwa nia njema tu. Wiki nzima baada ya hapo niliangusha karata mbele ya wageni, maana nilikuwa najitazama badala ya kutazama kazi. Kwa hiyo nilijua. Mtu akiambiwa la mwili wake katikati ya jambo, mwili wenyewe humtoka mikononi.

Nilijua, na nikamfuata.

Alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi za dobini, anakula wali kwa samaki kwenye bakuli alilopakiwa na mkewe, ambaye alidhani mumewe yuko zamu ya kawaida. Nikamwambia kwamba nina neno. Akasogea nikae.

"Kaka Omari," nikasema, "unapotisha, mkono wako wa kulia unalainisha meza. Na yule mzee ameshaona."

Akaacha kula. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Hakuniuliza kwa nini basi sikusema hiyo zamani. Alisema tu asante, akaufunika wali, akaenda kuswali adhuhuri. Chakula kilibaki zaidi ya nusu.

Waliporejea mezani, Omari alikaa na mikono mapajani. Alipolazimika kuitoa aliitoa yote miwili pamoja, imekakamaa, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Karata mbaya akatupa. Karata ya wastani akatupa. Hakutisha hata mara moja. Rundo lake likawa linapungua kila mzunguko, maana katika poka kukaa tu kuna ada yake. Safari moja mzee alisukuma sarafu nyingi, na Omari alikaa muda mrefu sana. Nilimwona anataka. Kisha akatazama mkono wake wa kulia, akatupa. Mzee akafunua karata zake mwenyewe kwa mzaha: mbili na saba, hakuna kitu. Watu nyuma ya kamba wakaguna.

Mimi niligonga sinia. "Bado, Omari! Bado!"

Baada ya saa moja na nusu alibaki na sarafu chache. Akapata ree, ile karata ya juu kabisa, na kumi, akasukuma zote, na safari hii hakuwa anatisha. Kijana wa Kiitaliano alikuwa na jozi, nane mbili. Karata tano zikatoka, hakuna iliyomsaidia Omari. Omari akainuka, akawapa mkono wote watatu, mmoja mmoja, akisema neno la heshima kwa kila mmoja. Ndipo wenzetu walipovuka kamba wakambeba.

Ile sauti ndogo ndani yangu haikufurahi hata kidogo. Nilipoitafuta ilikuwa imenyamaza, kama mtu aliyekwisha kula.

Mzee ndiye aliyeshinda. Jioni nilimkuta kwenye mlango wa mbele akisubiri gari lake. Nikampa shikamoo na hongera. Nilikuwa na swali moja, ambalo nisingeweza kulala nalo. Nikamuuliza kama aliiona mikono ya mchezaji wetu, jinsi ilivyokuwa ikipapasa meza asubuhi.

"Mikono gani, binti?" akasema. "Mimi macho yangu mabovu. Nilikuwa nainama nihesabu sarafu zake, zinanichanganya rangi." Akafikiri kidogo. "Yule bwana alinitisha asubuhi nzima. Nilikuwa namwogopa. Baada ya kula sijui alipatwa na nini."

Nikamfungulia mlango wa gari.

Basi hakuna aliyeona. Angeweza kuendelea kunyoosha shuka zake mpaka mwisho, na pengine leo angekuwa kwenye foleni ya pasipoti. Nami nilikuwa nimejiandalia maneno, kwamba nilimwambia kumwokoa na mzee. Mzee mwenyewe ameyachukua akaondoka nayo Mombasa.

Je, niliamini kweli kwamba yule mzee ameona? Nadhani niliamini. Nadhani pia nilifurahi kupata kitu cha kuamini. Nimejiuliza tangu jana ni lipi lilitangulia, na kila nikijibu najibu tofauti.

Omari alinisubiri langoni tutoke pamoja. Tulitembea wawili hadi barabarani, yeye akiwa na bakuli lake kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Nilifungua mdomo mara mbili, na sauti yenyewe ilikuwa imekwisha kwa kumshangilia.

Ndipo akasema yeye.

"Dada Mumbua, leo watu wote walinipigia makofi. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia kweli. Mungu akulipe."

Akasema hivyo bila kejeli, nimemjua miaka miwili, hana kejeli. Akasema pia kwamba lile la mkono atalifanyia kazi, na mwakani, tukijaliwa, tutaingia tena wote wawili. Kisha akapanda gari la Msambweni.

Mungu akulipe.

Tangu jana najibizana na neno hilo. Asubuhi nilivaa viatu nimfuate kwake nikamweleze yote: siri ya mwaka mzima, sinia, ile sauti, mzee na macho yake mabovu. Nikafika mlangoni nikavua. Maana nilijiona jinsi ningekaa barazani kwake, mkewe akinikaribisha chai, mkewe ambaye hajui kitu, nami nikimmwagia mumewe uchafu wangu ili mimi nirudi Ukunda nikiwa mwepesi. Angenisamehe. Nina hakika angenisamehe, halafu angebaki na mzigo wa kujua kwamba hata yule mmoja aliyemwambia kweli hakumwambia kwa ajili yake.

Nikimwambia, nitakuwa namwambia kwa ajili yake safari hii, au tena ni kwa ajili yangu?

Mvua bado. Zamu yangu ya kesho inaanza saa kumi na mbili, na yeye hufika kabla yangu.