Shuka za Alhamisi

Zaituni mjukuu wangu, amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unaniuliza kama ni lazima kufua shuka kila wiki, maana wenzako chuoni wanakucheka. Sikiliza. Wakati wa vita tulikuwa tunalala kwenye mashamba ya michikichi kwa kuogopa kuvamiwa, vitanda vikabaki vitupu. Lakini kila Alhamisi mama yangu alizitandua shuka, akazifua ziwani kwa sabuni ya mawese na kuzianika uani, ili Ijumaa ikute nyumba safi.

Jirani alimfokea: "Mama Hadija, zinaonekana mbali! Watajua watu iko hapa. Na hakuna mutu amezilalia!"

"Wajue," mama alisema huku akikamua. "Usingizi wamenichukulia. Kitanda bado ni changu."

Jumapili moja tulirudi asubuhi tukakuta mlango umevunjwa, na shuka zimekanyagwa kwa viatu vya matope. Mama alizitazama kidogo, akaniambia, "Leta sabuni."

Wiki ile tulifua mara mbili. Kwa hiyo hao wenzako, waache wacheke.

Bibi yako, Hadija