Papa, Kichwa Kitulie ao Kiende?

Papa,

Mama anasema mtu aliyelala hasumbuliwi kwa habari mbaya. Nimemwitikia, kisha nimekuja kukaa hapa nyuma ya duka la simiti la Papa Kasereka, Kashebere, nakuandikia. Habari hizi ni zako pia. Zilitokea hapo hapo ulipolala.

Hatuko tena Burungu. Najua hilo litakuuma. Ng'ombe waliobaki tumemwachia mdogo wako. Mama anauza maziwa ya ng'ombe wa watu wengine kando ya barabara, na mchana kutwa amejifunga blanketi mabegani. Anasema ni baridi. Papa, hapa hakuna baridi.

Asubuhi ile ulipoanguka zizini, ukiwa bado umeshika kamba ya ndama, hukuamka tena; tulikuzika juu ya malisho, kando ya mikaratusi, mahali ulipopenda kusimama na chuma chako cha gofu. Watu wa kilio waliuliza kama tukuzike nacho. Nilikataa. Ulikibeba kutoka Kampala, enzi zile za ukimbizi, ulipokuwa kijana unayewabebea matajiri mifuko kwenye uwanja wa gofu. Wenzako walirudi na masufuria na magodoro. Wewe ulirudi na fimbo moja ya gofu na mfuko wa mipira iliyochubuka, na wanaume wa Burungu wakasema vita vimekuharibu akili.

Nakumbuka ulivyonisimamisha, kiganja chako juu ya utosi wangu. "Kichwa kitulie, mutoto wangu. Usifwate mupira na macho. Mupira iko na miguu yake." Kiganja kilinuka maziwa. Nikitaka kuchungulia, unakikandamiza kidogo, unacheka.

Halafu Papa Kasereka, aliyekuja na moto yake, ile pikipiki, kuchukua bidoni zetu, madumu ya maziwa, akakukuta siku moja unanifundisha. Kumbe yeye, mfanyabiashara wa Butembo, naye alicheza gofu Kampala, kwenye safari zake za biashara, tena kwa mwalimu wa kulipwa! Tangu siku hiyo hamkupatana. "Unamukazia mutoto shingo sana," alikuwa anakuambia. "Kichwa iende na mwili. Ukikifunga, kiuno itapita wapi?" Na wewe: "Kasereka, enda uzishe simiti yako, uniachie mutoto." Mnacheka wote wawili, na mimi katikati na chuma mkononi, sijui nimtii nani.

Ulipokufa, yale mabishano yalibaki mwilini mwangu. Tukimaliza kukamua nilikuwa napanda malishoni kupiga. Nikitulia kama ulivyosema, najikuta nimefungwa kama mbuzi kwenye kigingi, na mpira unaenda kombo, hauna nguvu. Nikijiachia kama Papa Kasereka, nainuka mapema na kupiga majani. Kuna siku nilikaa chini kando ya kaburi lako nikakukasirikia. Mtu anakufaje katikati ya mabishano?

Wakati huo watu wa silaha walikuwa wameshafika kilima cha juu. Hatukuwaona. Tuliona alama za mabuti kwenye njia ya maji, na mbwa wa kule waliacha kubweka. Kisha ikaja ile sauti angani, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Watu wanaiita droni. Wewe huijui, ulituacha kabla haijafika kwetu. Inapita bila kuonekana, na baadaye, mahali fulani ng'ambo, ardhi inalipuka. Ng'ombe walikuwa wanaisikia kabla yetu. Wote wanaacha kula kwa pamoja.

Watu wa silaha wakashuka asubuhi moja, Papa Kasereka akiwa anafunga bidoni kwenye moto. Komanda wao alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua, sauti yake ya chini kabisa. Kiganjani alikuwa na mipira yako miwili.

"Hizi njo alama munawekea droni?"

Aliuliza kama ndizo, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema droni imepita juu ya malisho yetu, ikaua vijana wake, naye sasa anaokota vitu vyeupe kwenye majani. Papa Kasereka akamwambia ni muchezo tu, unaitwa gofu, baba wa huyu mutoto njo alimufundisha.

"Baba iko wapi?"

Mama akaonyesha kaburi. Komanda akaliangalia, akaiangalia na mipira niliyokuwa nimeiacha ikilizunguka. Nikajua anafikiri nini. Nikaona kwamba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nimelizungushia kaburi la baba yangu kitu kinachoweza kutuua sote.

"Basi cheza," akaniambia. "Ukivusha mupira ule muto, nitaamini. Muntu wa uongo hataweza."

Unakijua kijito kile, kule chini kwenye bonde. Hata wewe kuna siku kilikushinda.

Nilichukua chuma, nikauweka mpira kwenye majani. Papa Kasereka akapiga kelele, "Kichwa iende!" na wewe ulikuwa utosini mwangu unasema kitulie. Nikapiga katikati yenu. Mpira ukajikokota kwenye majani, ukagota kwenye buti la mwanajeshi mmoja. Hakuna aliyecheka. Yule mwanajeshi akakoki bunduki. Papa Kasereka akafungua tena mdomo, na komanda, bila kumgeukia, akasema, "Papa, nyamaza. Yeye njo anacheza."

Kukawa kimya. Sikuwa na mwalimu hata mmoja. Na katika kimya kile nilikikumbuka kiganja chako, Papa. Kilikuwa kinaondoka! Chuma kikishagonga mpira ulikuwa unanyanyua mkono, na kichwa changu kinageuka chenyewe kutazama. Hukuwahi kulitamka hilo, maana mkono wako ulikuwa unalisema. Kumbe wewe ulikuwa unanieleza habari ya kabla mpira haujaondoka, na Papa Kasereka habari ya baadaye. Miaka yote ile mlikuwa mnabishana juu ya vitu viwili, na kila mmoja alidhani mwenzake anakataa cha kwake.

Nikaweka mpira mwingine, nikatulia. Nikazungusha. Sauti ya chuma ilipotoka nikakiachia kichwa kiende, kiuno kikapita, na mpira ulikuwa tayari juu, mdogo, unavuka kijito na kuangukia kwenye maharagi ya watu ng'ambo.

Mama alikaa chini pale pale alipokuwa.

Komanda alitazama mpira ulipoangukia. Kisha akakichukua chuma mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto. "Kumbe ni kweli," akasema. "Hii inabaki na mimi. Utakuja kunionyesha." Nikamuuliza lini. "Nitakuita."

Walipopanda kurudi kilimani, Papa Kasereka alimwaga maziwa yote chini ili bidoni ziwe nyepesi. Akamwambia Mama: "Mama, beba blanketi na sufuria. Leo, si kesho, tusingoje amuite mutoto." Tukapita Nyabiondo na mvua, watatu juu ya moto moja, Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi niligeuka. Ukungu ulikuwa umeshafunika malisho.

Sasa sikiliza kilichoniondolea usingizi. Mdogo wako alifika hapa juzi. Anasema komanda amesimika hema lake kando ya mikaratusi, karibu nawe kabisa, na kila jioni anacheza. Hajui kucheza. Anapiga kwa nguvu zote, vijana wake wanamshangilia, na mipira inatawanyika juu yako. Na ile sauti ya nyuki inarudi, kila siku chini zaidi. Mdogo wako ameshahamisha ng'ombe.

Nilimwonyesha komanda kwamba mipira ile si alama, akaamini. Lakini yule wa droni anayetazama kutoka juu, nani amemwonyesha?

Papa Kasereka ananiambia nisiogope, marehemu hauawi mara mbili. Najua. Lakini ule ni udongo wako, na msalaba tuliochonga na Mama, na mimi siwezi kufika kuukinga.

Lala basi, Papa wangu. Barabara ikifunguka nitapanda mchana, mikono mitupu, mtu yeyote aone kwamba sikubeba kitu. Nikikuta kaburi, nitalipalilia. Nikikuta shimo, nitalijaza udongo kwa vidole vyangu na kulala hapo juu mpaka Mama aje kuniinua. Hilo nakuahidi, na Mama sijamwambia.

Mutoto wako,
Espérance